Kapita wa Scovia

Jumatatu, 15 Septemba

Shule zimefunguliwa. Baba amenipa daftari hili lililobaki mwaka jana, akasema, "Eliana, andika kila siku, hata mstari mmoja. Kambini sisi tuliandika kwa mkaa juu ya maboksi." Baba alikulia kambini Tanzania na hapendi kuona karatasi imekaa bure.

Basi mstari wa leo: mdogo wangu Scovia amesahau ufagio.

Kila Jumatatu watoto wa darasa la tatu hupeleka ufagio wa kufagilia uwanja. Jana jioni Mama aliuegemeza mlangoni kabisa. Asubuhi ukawa umeanguka, na Scovia akauruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akaenda zake. Adhabu yake ilikuwa kuokota majani peke yake mpaka saa nne.

Ana miaka tisa. Anarudia darasa hilo hilo la tatu.

Jumanne, 16 Septemba

Joto. Mvua bado.

Ijumaa, 19 Septemba

Baba aliitwa shuleni. Mimi niko darasa la nane katika shule hiyo hiyo, kwa hiyo nilimwona akivuka uwanja, kofia mkononi.

Mwalimu Venanti, anayemfundisha Scovia, hakupaza sauti. Alisema, "Baba Eliana, mutoto huyu si mujinga. Muulize kwa mdomo, anajibu. Lakini mupe kazi ya hatua tatu: anafanya ya kwanza, halafu anaangalia dirisha. Au anaruka mpaka ya mwisho. Mimi naita uvivu."

Akishindwa egzame za Desemba, direkteri wa shule atamrudisha darasa la pili, akae na watoto wa miaka saba.

Tulipomwambia, Scovia hakulia. Aliuliza kama madawati ya darasa la pili ni mafupi, maana magoti yake yatagonga. Usiku nilimsikia akiyapima magoti yake kwa viganja, chini ya shuka.

Jumatatu, 22 Septemba

Amesahau ufagio.

Alhamisi, 25 Septemba

Leo nimekosa shule kwa ruhusa. Mama na mimi tulimpeleka Scovia Bujumbura kupimwa moyo, kama kila mwaka. Alizaliwa na tundu moyoni. Alipokuwa mdogo midomo yake ilikuwa na rangi ya samawati, na akilia tulikuwa tunakimbia. Alipofika miaka minne alipelekwa nje ya nchi, akafunguliwa kifua, tundu likazibwa. Tangu hapo hajabeba hata kikombe cha maji. Nikimtuma kitu, Mama husema, "Mwache huyo. Moyo wake."

Daktari alisikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akatazama kwenye mashine muda mrefu. Kisha akavua vile vya masikioni.

"Moyo iko muzuri sana. Akimbie, achote maji, aruke kamba."

"Achote maji?" akauliza Mama.

"Hata jeri nzima ya maji, akikua kidogo."

Hapo Mama akaeleza habari za shule, kwa aibu, kama mtu anayeomba kitu cha pili baada ya kupewa cha kwanza. Nesi mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akatuita kwenye benchi.

"Tunawaona wengi," alisema. "Mtoto akizaliwa na moyo mgonjwa, ubongo wake unakua ukipata oksijeni kidogo. Halafu inakuja operesheni. Halafu miaka ya kulindwa. Moyo unapona, lakini sehemu moja ya akili inaweza kubaki nyuma: ile ya kupanga, ya kukumbuka hatua, ya kujizuia, ya kubadili njia mambo yakibadilika. Si watoto wote, lakini wengi. Mnatoka wapi?"

"Rumonge."

"Kwenye mawese! Basi kapita mnamjua."

Nani asiyemjua kapita? Ndiye msimamizi wa wafanyakazi shambani.

"Wafanyakazi wawe hodari wote," akasema nesi, "lakini kapita asipokuja, mmoja anapanda mchikichi uliovunwa jana, mwingine analala, mwingine anapakia kabla ya kukata. Kichwa cha mtoto huyu kina wafanyakazi wazuri. Kapita wake ndiye mchanga. Anafundishika, polepole, kwa kazi za kweli za nyumbani. Ila ninyi musiwe kapita wake. Mumulee wa kwake."

"Kwa hiyo si uvivu?" akauliza Mama.

"Si uvivu."

"Na si mimi? Nilipokuwa na mimba yake nilibeba mizigo..."

"Si wewe, mama."

Mama akafungua pindo la kitenge, akajifuta uso wote, hata nyuma ya masikio. Njia nzima ya kurudi alilala. Sijawahi kumwona akilala safarini na Scovia yuko kando yake.

Ijumaa, 26 Septemba

Mvua ya kwanza. Bati limeimba usiku mzima.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimeamua: kabla ya Desemba kapita wa Scovia atakuwa amekua. Nimeandika ratiba kwa kalamu tatu. Kuamka, kutandika, kunawa, kuvaa, kula, mkoba, kalamu, ufagio, hadi kulala usiku. Hatua kumi na tisa. Nimeibandika ukutani kwa ubwabwa.

Scovia aliitazama. "Ya mwisho ni kulala," akasema, akarudi kitandani. Ilikuwa saa moja asubuhi.

Jumatatu, 29 Septemba

Amepeleka ufagio! Nilimsomea kila hatua kwa sauti, na nilimshikisha ufagio mwenyewe.

Jumatatu, 6 Oktoba

Ufagio umekwenda. Kazi za nyumbani amezimaliza wiki nzima, nami nikiwa nimekaa karibu. "Sasa andika jina. Sasa soma swali. Sasa jibu." Mama ananiita Madamu Kapita. Nimefurahi kiasi cha kujiona.

Jumatano, 15 Oktoba

Jana malaria ilinishika, leo nimeweza kukaa.

Asubuhi ya jana Mama alikuwa ameshatoka na ndagala zake, dagaa wa ziwani, kwenda sokoni, Baba yuko shambani. Mimi nilikuwa naungua, sikumbuki kitu. Mchana Mama aliporudi alimkuta Scovia ameketi ukingoni mwa kitanda chetu, amevaa shati la shule, sketi ameishika mkononi.

"Mbona hukwenda shule?"

"Eliana hakusema sasa ni sketi."

Tangu saa kumi na mbili asubuhi. Saa saba nzima, na ratiba ya rangi tatu iko mbele ya macho yake.

Mama alicheka kwanza, kisha akaacha. Mimi niligeukia ukuta. Nilikumbuka maneno ya nesi ambayo siku ile niliyachukua kama utani wa kumalizia mazungumzo: ninyi musiwe kapita wake. Wiki tatu nimemlea kapita mmoja tu, na jina lake ni Eliana.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimebandua ratiba. Rangi ya ukuta imetoka nayo. Baba hajaona bado.

Jumamosi, 18 Oktoba

Baba alikata vichala sita vya michikichi yetu, nikavipeleka kwa Mama Akonkwa kukamuliwa, Scovia akifuata nyuma. Mama yetu aliruhusu kwa shida. "Asikaribie moto. Moyo..." Akajishika mdomo. "Haya, nendeni."

Mama Akonkwa alivuka ziwa kutoka Kongo kabla sijazaliwa. Uwanjani kwake kuna presi ya kukamulia, inayozungushwa na wanaume wawili wakisukuma mti mrefu, na kuna moto wa vyungu vinne. Kila chungu kina mwenyewe, na kila kimoja kiko hatua yake. Hajui kusoma. Hajawahi kuchanganya mawese ya mtu.

Ila anaongea peke yake. Mji mzima unamcheka.

"Mama Akonkwa, uko nafanya nini? Niko nachemsha ya Baba Eliana. Halafu? Halafu naacha itulie. Usiguse! Siguse. Ya Mama Fatuma iko wapi? Iko juu ya moto, imefika kutoa povu. Kwenda kuangalia. Naenda."

Mmoja wa wasukumaji wa mti akasema, "Mama, leo umetembelewa na nani?"

"Na bosi wangu. Iko mukali, lakini silipi mushahara."

Scovia alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Akamfuata Mama Akonkwa chungu hadi chungu, akimtazama mdomo.

Njiani kurudi nilisimama ghafla. Kapita wa Mama Akonkwa yuko nje, tunamsikia wote! Ndiyo maana kazi zake hazipotei.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimewaeleza Mama na Baba. Sheria mpya: hakuna anayemwambia Scovia hatua. Tunaruhusiwa neno moja tu, "Sasa?" Yeye ndiye aseme linalofuata, kwa maneno yake, kwa sauti.

"Kama wazimu?" akauliza Mama.

"Kama Mama Akonkwa."

Baba alifikiri. "Na mimi nikipanda juu ya mchikichi nasema. 'Shika, funga, kanyaga.' Asiyesema ameanguka zamani."

Jumatatu, 20 Oktoba

Amesahau ufagio. Nilimwona akiupita. Niliuma ulimi. Mama aliuma pindo la kitenge chake. Kimya chetu kilikuwa kikubwa kuliko nyumba.

Jumatatu, 27 Oktoba

Amesahau.

Jumamosi, 1 Novemba

Siku mbaya. Kwa Mama Akonkwa, Scovia amepewa kazi ya kuchambua chikichi kutoka kwenye miiba ya vichala na kutia ndooni, na leo aliahidiwa kuengua mafuta kwa mara ya kwanza. Presi ikavunjika mti. Hakuna kuengua.

Scovia alirusha ndoo. Chikichi zikatapakaa matopeni. Alipiga kelele kwamba imesemwa leo, leo, leo. Idi, mtoto wa jirani anayesoma naye, alikuwa pale akaanza kuimba, "Moyo wa kiraka! Moyo wa kiraka!" Scovia akamtupia tope mdomoni.

Nilitaka ardhi inimeze. Mama Akonkwa hakugeuka hata kidogo. Alitazama mti uliovunjika, akasema kwa sauti yake ile ile:

"Mama Akonkwa, bintu vimebadilika. Ni vibaya? Ni vibaya. Kulia? Kulia kidogo." Akatulia kama anayelia kidogo. "Sasa njia ingine ni gani? Njia ingine ni kuchambua ya kesho."

Akaketi, akaanza kuchambua.

Baada ya muda mrefu Scovia akaja karibu naye. Uso umechafuka. Nikamsikia: "Scovia, vimebadilika. Kulia kidogo." Akavuta kamasi. "Njia ingine ni kuokota."

Aliokota chikichi zote, akaziosha, moja moja. Sikumsaidia. Ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya tangu shule zifunguliwe.

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua ya mawe. Shule nusu siku, ufagio haukuhitajika. Ziwa limeingia tena kwenye bustani za chini.

Alhamisi, 6 Novemba

Amevaa mwenyewe. "Scovia, shati. Scovia, sketi. Scovia, zipu, zipu, zipu." Baba alijificha nyuma ya pazia kucheka.

Jumamosi, 15 Novemba

Ameengua mafuta. Mafuta yakiguswa mapema huchanganyika na maji, na zamani mkono wake usingeweza kungoja. Leo aliuweka nyuma ya mgongo, akaushika kwa mkono mwingine. "Usiguse. Siguse. Povu linaongea bado. Likinyamaza, naengua." Likanyamaza. Akaengua, mekundu safi, bila tone la maji.

Mama Akonkwa akayaonja kwa kidole. "Huyu bosi wake ameanza kazi."

Jumatatu, 24 Novemba

Ufagio! Alifika mlangoni, akasema, "Scovia, Jumatatu kuna nini?" akauchukua. Hakuna aliyesema hata "Sasa?" Mama alingoja afike barabarani, ndipo akacheza katikati ya nyumba, na mwiko mkononi.

Jumatatu, 1 Desemba

Amesahau ufagio. Lakini hatukuogopa. Mama alisema, "Hata kapita mkubwa hulewa siku moja."

Jumanne, 9 Desemba

Egzame zinaanza kesho. Sina njaa.

Alhamisi, 11 Desemba

Naandika kirefu, Baba ameniachia taa.

Leo ilikuwa hesabu. Darasa letu lilimaliza mapema. Nilipotoka nilimkuta Scovia amesimama nje ya darasa lake kabla ya kengele, mikono mitupu. Mwalimu Venanti alikuwa amemnyang'anya karatasi.

Nilijua kabla hajasema. Alikuwa anaongea. Idi alinyoosha mkono, "Mwalimu, huyu anasema majibu!" na wengine wakasema ana mashetani. Mwalimu alimwonya mara mbili. Mara ya tatu akachukua karatasi.

Karatasi isiyomalizika ni sifuri, na sifuri ni darasa la pili.

Ubaridi ulinipanda kutoka miguuni. Mimi ndiye niliyeleta jambo hili la kuongea. Mimi niliyesema "kama Mama Akonkwa", bila kufikiri kwamba darasani watu sitini na wanane wananyamazishwa. Kosa ni langu, magoti yatakayogonga dawati ni yake.

Kengele ilipolia nilimshika mkono, tukaingia. Mwalimu alikuwa anapanga karatasi mezani. Nilianza kwa Kifaransa, nilivyofundishwa kuzungumza na wakubwa: nesi, Bujumbura, operesheni.

"Eliana," akasema Mwalimu Venanti, "nyamaza. Nataka kusikia yeye."

Akamgeukia Scovia. "Ulikuwa unafanya nini?"

Scovia aliangalia dirisha.

Hapo nilikuwa na maneno mia moja mdomoni. Nilijua yote, kwa mpangilio mzuri. Niliyafunga kwa meno. Dirishani mawingu yalikuwa yanatoka ziwani, meusi. Nilihesabu vigae vilivyovunjika sakafuni. Mwalimu alichukua kalamu yake, akaiweka. Nikawaza: amekwisha.

Kisha nikasikia, kidogo sana: "Scovia, sasa unafanya nini? Unamwambia Mwalimu. Anza na wapi? Anza na kapita."

Akageuka kutoka dirishani.

"Mwalimu, sikusema majibu. Nilikuwa nasema hatua. Soma swali. Soma tena. Weka kidole. Usiruke. Kichwani mwangu kapita wangu ni mchanga, kwa sababu moyo wangu ulichelewa. Akinyamaza, ninapotea. Bado hajajua kufanya kazi kimyakimya."

Mwalimu aliegemea meza.

"Na wewe pia unaye," akasema Scovia.

"Mimi?"

"Ukijumlisha alama za buletini. Unasema, 'Saba na nane, kumi na tano, naandika tano, nabeba moja.' Unasema kwa sauti. Sisi tunasikia."

Nilifumba macho. Nilipofumbua, Mwalimu Venanti alikuwa anaangalia vidole vyake vyenye chaki. Bega moja lilitikisika, kisha la pili. Alikuwa anacheka, bila sauti, mtu ambaye sijawahi kumwona hata akitabasamu.

"Nabeba moja," akasema. "Ego, ndiyo. Marehemu mama yangu ndiye alinifundisha hivyo."

Akavuta karatasi ya Scovia kutoka chini ya rundo. Ilikuwa nusu. Nusu yote sahihi. Niliiona juu chini. Akaichungulia muda, kisha akachukua dawati moja kwa mikono yake mwenyewe, akalitoa barazani, chini ya bati.

"Una dakika ulizobakiza, thelathini. Hapa useme unavyotaka. Eliana, wewe simama kule, mbali, mkono usionyeshe kitu."

Akaketi kando yake, akapumzika na daftari la mahudhurio. Na hapo mvua ikaanguka, ile ya Desemba inayokuja yote kwa pamoja. Bati likanguruma. Nilimwona Scovia akisogeza mdomo, akiweka kidole, akisogeza mdomo, na hapana mtu duniani aliyeweza kumsikia isipokuwa yeye mwenyewe.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimekwenda kumshukuru Mwalimu. "Murakoze, Mwalimu." Akasema, "Mwaka jana niliandika 'mvivu' kwenye buletini ya mtoto huyu. Kwa kalamu ya wino." Nilikuwa nimemchukia miezi mitatu, leo sikuona mahali pa kuiweka chuki hiyo.

Ijumaa, 19 Desemba

Asilimia hamsini na nne! Wa thelathini na mmoja kati ya sitini na wanane. Anabaki darasa la tatu. Mahali pa maelezo, Mwalimu Venanti ameandika: *Anajisimamia. Aendelee kusema.*

Mama alipiga vigelegele hadi mama yake Idi akaja kuuliza nani ameolewa. Idi alikuja nyuma yake, buletini imekunjwa mfukoni, asilimia arobaini na sita. Akamwuliza Scovia chinichini, "Yule kapita, unampata wapi?"

"Kwa Mama Akonkwa," akasema Scovia. "Lakini kwanza unachambua chikichi."

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Scovia alipika wali peke yake. Umeungua chini. Tumekula wote, hata wa chini.

Jumatatu, 5 Januari

Muhula wa pili. Niliamka nikasubiri sauti yake: Scovia shati, Scovia sketi. Hakukuwa na sauti. Nililala nikisikiliza, na ule ubaridi wa Desemba ukaanza kunipanda tena. Nikadhani ameketi nyuma ya pazia, na sketi mkononi.

Nilifungua pazia. Alikuwa amevaa. Amekula. Anafunga mkoba. Mdomo wake umefungwa, hausogei hata kidogo.

"Scovia," nikasema, "mbona huongei?"

Alinitazama kama nimemkatiza mtu maneno. "Ninaongea," akasema.

Akatoka. Mama na mimi tulisimama mlangoni. Ufagio ulikuwa pale pale ukutani. Alikuwa ameshaupita. Mama akashika mkono wangu, mimi nikaushika wake, na hapana aliyefungua kinywa.

Alifika kwenye mgomba wa jirani. Akasimama. Kichwa kikainama kidogo, kama cha mtu anayeitwa na aliye karibu sana. Kisha akageuka, akarudi njia yote, akapita katikati yetu bila kutusalimu, akachukua ufagio, akaenda shule.